Kidumu cha Maji

Kabla mnunuzi hajafika, Mbwilo alitoa kidumu cha maji kwenye buti la gari lake kuukuu, akakificha kwenye buti la gari jipya. Miaka mitatu hakwenda popote bila kidumu hicho. Rejeta ilikuwa inavuja, na kila kilima alisimama kuongeza maji.

Mnunuzi alikuwa mwalimu Tausi wa mtaa wa pili. Alilizunguka gari akiligusagusa kama nguo ya sikukuu. Alipofungua buti, aliona duara safi katikati ya zulia lenye vumbi.

"Hapa palikaa nini, kaka?"

"Mizigo tu, mwalimu."

"Na halina tatizo lolote?"

"Wewe weka mafuta, uende."

Tausi alipokea ufunguo kwa mikono miwili. "Mungu akubariki. Mama anapanda mlimani kliniki kwa bodaboda, na mgongo wake ule! Leo atakaa kiti cha mbele."

Akaondoka akipiga honi kwa furaha.

Baadaye kidogo Mbwilo na mkewe, Zawena, walipanda gari jipya kwenda kulionyesha ukweni. Injini haikusikika kabisa. Aliposhika breki kwenye njia panda, kitu kilicheza nyuma yao.

"Mbona kama kuna maji huko kwenye buti?" Zawena aliuliza.

Mbwilo alitazama njia zote mbili. Kulia ni ukweni. Kushoto barabara ilianza kupanda mlima wa kliniki. Magari ya nyuma yalianza kumpigia honi, naye bado ameshika usukani, hajawasha taa ya kukata kona.