Pengo la Mwalimu Nazari

Tezo ilimkosa Hyasinti shingoni, ikamchana bega. Alipogeuka, Mwalimu Nazari alikuwa ameshainua mkono tena.

"Nani kakwambia uguse pengo langu?"

Hyasinti alimdaka kiwiko, wakaanguka wote wawili juu ya maranda. Mzee akamng'ata sikio. Hyasinti hakuamini. Huyu ndiye aliyemfundisha kushika patasi, mtu mpole aliyehamia Mbinga kutoka Liuli, kule ufukweni mwa ziwa, na tangu hapo hakuwahi kumkaripia hata fundi aliyempasulia gogo.

Kosa lenyewe lilikuwa mtoto wa kuchonga, wa mti wa mninga. Tangu biashara huria iingie, wanunuzi wa vinyago walikuwa wakipanda mpaka Mbinga kumtafuta Nazari, na wote walisifia kitu kimoja: mama aliyekumbatia hewa. Kila mama aliyemchonga alikuwa na tundu lilelile kifuani.

"Mti anaukata yeyote," mzee alizoea kusema. "Kazi iko pale palipobaki patupu."

Hyasinti hakukubali kamwe. Kwao Matiri hata shimo la ngoro shambani lina kazi: linatega maji, linaozesha majani. Patupu pasipo na kazi aliona ni uvivu tu, na alitaka mwalimu wake akiri hivyo kwa mdomo wake mwenyewe. Ndipo akachonga mtoto, akamchomeka mama mmoja kifuani. Akaenea barabara.

Sasa damu ya sikio ilimwingia jichoni. Akapapasa, akapata nyundo, akaitwanga mikono ya mzee mpaka kidole kikavunjika kwa mlio. Tezo ikadondoka. Lakini hasira ilikuwa imeshampanda. Aliinua nyundo juu ya kile kichwa chenye mvi, na kweli angeishusha.

"Hyasinti, mwanangu, shusha mkono."

Mama Tadea, mke wa mzee, alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwatazama tena. Alimwendea yule mama wa mti, akamchomoa mtoto taratibu, akampangusa damu iliyomrukia kwa kanga yake, kisha akamfunika uso.

Nazari, angali chini, akaanza kulia kwa sauti.

"Inuka, Baba Dastan," Tadea alisema. "Kachukue jembe. Alipozama mwanetu, ziwa halikuturudishia hata ukucha wa kuzika. Leo tumzike."