Geti Linalotaka Meno Meupe

Siku hizi geti la sekondari halitaki ada wala sare. Linataka ucheke. Ukionyesha meno meupe linafunguka, yakiwa na rangi, linasema kwa sauti tamu, "Pole, mwanafunzi. Jaribu mwakani."

Mjukuu wangu Ndeshi ana meno ya kahawia, kama sote tunaokunywa maji ya kisima cha hapa kijijini. Maji safi ya bomba yanapita chini ya migomba yangu kwenda kwa wakubwa mjini, halafu watoto wao ndio wanaosifiwa kwa kupiga mswaki! Wezi wakubwa.

Jana geti lilimfukuza tena. Nilipandwa na hasira, nikaenda mwenyewe na fimbo yangu, nikalichekea kwa meno yangu ya plastiki, yale tuliyogawiwa vikongwe wakati wa kampeni.

"Karibu, mwanafunzi," likasema, likafunguka.

"Umeona, mke mwenzangu?" nikamwambia Ndeshi. "Mimi niliyeishia darasa la nne nimefaulu! Kesho nishoneeni sketi."

Mlinzi alicheka mpaka akashika ukuta. Ndeshi hakucheka. Alijaribu kupita nyuma yangu, geti likamfungia.

Jioni nilivua meno nikayaweka kikombeni. Ndeshi akakaa akiyatazama.

"Bibi, yako ya kwanza yaling'olewa na nini?"

"Na koleo la babu yako," nikajibu, nikitaka kumchekesha.

"Liko wapi?"

Nikamwambia akalale. Aliposinzia nikalifukia koleo ndani ya pipa la mahindi.

Asubuhi hii nimekuta mahindi yamemwagika sakafuni, na koleo halimo.