Sauti ya Ghorofa ya Tatu

"Nyeupe na kijani, mama. Alô?"

"Nakusikia, mwanangu."

Jamaldine alishusha pumzi. Jozi hiyo ya nyaya nayo ilikuwa nzima, kutoka kabati la simu huku chini hadi ghorofa ya tatu. Jengo hilo la Palma liliungua vitani, nyaya zake zote zikayeyuka, na sasa lilikuwa linafungwa upya simu za kidijitali. Mwenzake, Zito, alikuwa kalala na malaria, basi msimamizi akampandisha juu mama mmoja wa usafi amshikie simu ya kupimia. Jamaldine hakumwona. Alimsikia tu.

Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, na mama yule alikuwa nayo tele.

"Mbona unahema hivyo? Kazi ya waya haichoshi kiasi hicho."

"Si waya, mama. Mke wangu kazuiliwa."

"Na nani?"

"Na mama yake, kule Quitunda. Mimi nimepata kazi ya kudumu mjini Pemba, nataka nimchukue mke na mtoto. Mkwe hataki hata kusikia. Wanawe wawili waliuawa vitani kwenye barabara ya kwenda huko. Anasema haitamla wa tatu."

"Umekwenda kumwomba mwenyewe?"

Jamaldine alicheka kwa uchungu. Mwanamume gani wa pwani ile husimama mbele ya mama mkwe? Tangu aoe, akimwona kwa mbali huiacha njia, na salamu zao zote hupelekwa na kurudishwa na mkewe, Laila.

"Nimetuma wazee, mama. Wamerudi mikono mitupu. Haya, hamia nyekundu na buluu. Alô?"

"Nakusikia. Lakini naye ana uchungu wake, huyo mzazi."

"Najua. Ningekuwa yeye, pengine ningefanya yayo hayo. Ila mwanangu amejifunza kutembea mimi sipo." Alikaza skrubu moja kwa bisibisi, kisha akaendelea. "Basi nimekata shauri. Ijumaa namwiba mke wangu."

"Unamwiba?"

"Mkwe siku hizi kapata kibarua, hushinda nje. Anayekaa mlangoni ni kaka wa mkwe, na saa ya swala huyo huenda msikitini. Laila atakuwa kamfunga mtoto mgongoni. Gari litasubiri nyuma ya nyumba. Hata mama yangu mzazi sijamwambia, nakuomba uniwekee siri."

Juu kukawa kimya.

"Alô? Mama? Alô?"

Hakuna kitu. Jamaldine alichomoa ile nyekundu na buluu, akaikwangua, akaichomeka tena. Aliogopa kebo imechunika mle kwenye tundu la ukutani ilipokuwa ikivutwa, maana hapo kazi yote ingeanza upya. Alipima. Waya ulikuwa mzima. Akabana simu sikioni na kuziba sikio la pili kwa kidole, ndipo akasikia mtu anapumua.

"Mama, bado upo? Umenisikia?"

"Nimekusikia tangu mwanzo." Sauti ilikuwa ileile, ya upole. "Waya wako hauna kosa, mkwe wangu. Ijumaa utanikuta mimi mlangoni."