Shati Lililonukia Machungwa

Ummkulthum alilinusa shati tena, safari hii kwenye kola, kisha kwapani. Machungwa. Si jasho, si dizeli. Shati la fundi mashine linanukia machungwa, tena ya kumenywa sasa hivi!

Alilitupa ndani ya beseni, akalitoa, akalinusa mara nyingine kwa hasira.

Tangu aolewe na Ngwali, harufu ya mumewe ilikuwa petroli. Gereji ya Machomanne ilioshea vyuma vya injini kwa petroli, na Ngwali alirudi viganja vimepasuka na kucha nyeusi tii, hata udi haukufua dafu. Sasa kucha zilikuwa safi. Viganja vimelainika. Na akiingia bafuni, bwana mzima aliimba.

"Kaona ntu," Ummkulthum alijiambia, na moyo ukamuuma kwelikweli. Alimpenda Ngwali, wala hakuona haya kulikubali hilo. Akiingia mwanamke mpya, yeye atabaki wa kuulizwa chumvi iko wapi.

Alikuwa amemuuliza mwenyewe. Ngwali alicheka tu. "Petroli tumeiacha. Siku hizi twaoshea vyuma kwa mafuta ya maganda ya machungwa. Yakichafuka twayachemsha, yarudi safi, twaoshea tena."

Uongo huo hata aibu haukuwa nayo. Grisi ya injini itoke kwa machungwa! Na mafuta yakishachafuka yarudi safi! Miaka ile ya vyama vingi Pemba nzima ilikuwa ikichunguzana, na mtu akichelewa kurudi watu walisema yuko mkutanoni. Ummkulthum angeomba iwe hivyo. Mwanamume akipotelea kwenye siasa hurudi nyumbani, hata kama jicho limevimba.

Siku ambayo Ngwali hakuwapo nyumbani, alijitanda buibui akaenda Vitongoji kwa Bi Mwatum. Hawakuwa mashoga. Bi Mwatum alimzidi umri, na alimjua Ngwali tangu hajaota ndevu za maana. Walionana Sikukuu na misibani, wakaulizana hali za watoto, basi. Lakini mambo ya Ngwali hayakuwa ya kumpelekea jirani.

Bi Mwatum alimsikiliza huku akichagua mchele.

"Hata juzi alipokuja hapa n'limnusa," alisema. "Na kucha je?"

"Safi, dada."

"Aimba?"

"Aimba."

Bi Mwatum aliacha kuchagua. "Na mwenyewe asemaje?"

"Asema ni mafuta ya kuoshea vyuma."

"Na weye umeamini?"

Swali hilo lilimkosesha Ummkulthum usingizi. Asubuhi alifunga bakuli la muhogo wa nazi kwa kitambaa, akaelekea gerejini, uso kaufunika, macho tu nje. Alikwishapanga maneno ya kumwambia huyo mwanamke, na baadhi yake hayafai kuandikwa.

Ngwali hakuwapo, alikuwa amekwenda Mkoani kufunga injini ya boti. Aliyekuwapo ni Rajab, mkubwa wa mafundi, amesimama mbele ya mlango wa chumba cha nyuma kama aliyeficha maiti. Kutoka mlangoni humo harufu ya machungwa ilimpiga Ummkulthum puani.

"Ndani mna nani?" aliuliza.

"Weye umetumwa na nani?" Rajab naye akauliza. "Sheha wa mtaa keshakuja kunusa, adhani twapika gongo. Wale wa chama cha pili nao wakaja, wadhani twampikia Sheha gongo. Sasa wamemtuma n'ke?"

"Miye ni n'ke wa Ngwali. Nataka kumwona huyo mliyemficha."

Rajab alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. Akausukuma mlango.

Ndani mlikuwa na gunia la maganda ya machungwa yaliyookotwa sokoni kwa wauza maji ya matunda. Pipa lililofunikwa lilikuwa motoni, na bomba lake lilipita ndani ya hodhi la maji baridi. Mwisho wa bomba palidondoka maji ndani ya ndoo, na juu ya maji hayo yalielea mafuta maangavu.

"Grisi yabaki chini ya pipa," alisema Rajab. "Mafuta yapanda na mvuke, yaja hapa mapya. Hayahaya twaoshea, yakichafuka twayarudisha motoni."

Alitosa pistoni nyeusi ndani ya karai la mafuta hayo, akaisugua kwa brashi. Ilitoka inang'aa. Ummkulthum alichovya kidole, akakinusa. Kilinukia Ngwali mtupu.

Alitaka kucheka, akajikuta analia. Alimwachia Rajab bakuli lote la muhogo na kumwomba radhi kwa ajili ya maneno ambayo hakuwahi hata kuyatamka.

Hakurudi nyumbani. Alipitiliza hadi Vitongoji, na hodi aliipiga akiwa keshaingia ndani.

"Dada, ni kweli! N'meliona pipa kwa macho yangu! Hana ntu, maskini ya Mungu, ana maganda!"

Bi Mwatum alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Alitabasamu, tabasamu la kweli, na akamvutia kigoda.

"Alhamdulillahi. Kumbe weye ulikwenda kutazama."

"N'ngekaaje, dada, na roho yaniwaka?"

"Umefanya vyema." Bi Mwatum aligeuza kifuu, akaendelea kukuna taratibu. "Miye sikwenda. Mashati yake yalipoanza kunukia asumini, alin'ambia gereji imeleta sabuni mpya, nikaamini, nikawa nafua tu. Mpaka nikaja kusikia kisimani kwamba keshakuoa weye."