Jezi Isiyo na Jasho

Shomari aliingia uani akichechemea, akamkabidhi mama yake, Bi Mwanaidi, jezi ya timu ya chuo. Matope yalikuwa yameganda kifuani na mabegani.

"Msimu umekwisha, mama. Tumefungwa tena, lakini leo wamenikoma. Kila nikiukumbatia ule mpira wa Kimarekani nikimbie nao, watatu wananirukia."

"Pole, baba. Umeumia?"

"Kidogo tu. Uifue vizuri, kesho tunazirudisha jezi zote chuoni."

Shomari alipoingia ndani kuoga, Bi Mwanaidi aliinua jezi hadi puani, kama alivyofanya msimu mzima. Ilinuka udongo, na chini ya udongo ilinukia sabuni yake mwenyewe ya wiki iliyopita. Jasho halikuwamo. Kila Jumamosi mwanawe alikaa benchi mpaka mechi ikaisha, kisha akajipaka matope ili asirudi nyumbani msafi, naye akayafua matope hayo bila kuuliza neno.

Leo hakuiloweka; hakutaka irudi chuoni bila tone la jasho. Jua lilikuwa kali na shingo yake imelowa. Akaikunja jezi, matope yakabaki ndani, akajifuta shingo, akajifuta mikono, kisha akajifuta uso, na hapo usoni akakawia.