Uso wa Ishirini na Moja

Kidole cha Mama Uzi kilipofika kwenye uso wa kumi na saba, Katibu aligundua kwamba alikuwa anatafuna penseli ya chama.

"Huyu fundi wa boila," alisema bibi yule, jicho lake kwenye kioo cha kukuzia. "Kuongea shida, lakini mwache aimbe!"

Katibu akaandika. Picha ilikuwa imetandazwa mezani, kubwa kama mto wa kulalia. Ilipigwa kutoka barabarani, nyuma ya askari. Wafanyakazi wa kiwanda cha nguo walikuwa wamejifungia uani, siku ya tano ya mgomo, na mbele yao mtu aliyeinamisha kichwa alikuwa anafungua kufuli la geti kwa ndani. Askari waliingia, na watu watatu hawakurudi nyumbani. Kwa miaka hamsini picha ilikaa ndani ya sanduku, mpaka wajukuu wa mpiga picha walipoileta kwenye chama cha historia. Saa tisa mchana huu ingetundikwa ukumbini, na majina chini yake.

Mlinzi wa geti enzi hizo alikuwa baba yake Katibu. Mji ulishamhukumu zamani. Walimbandika jina la Kufuli, na mazishini kwake walikuja watu tisa. Maisha yake yote alijibu maneno mawili tu: "Si mimi." Ukimuuliza ni nani basi, aligeuza uso. Katibu alijiunga na chama kwa ajili ya kimya kile, ingawa kwenye fomu aliandika kwamba anapenda historia.

Chama kilikuwa na kanuni ambayo hakuna aliyewahi kuivunja. Jina haliandikwi chini ya uso mpaka mashahidi wawili walitaje. Mweka Hazina, nyapara wa zamani, alishamtaja jana aliyefungua kufuli: mlinzi wa geti. Leo alikaa pembeni na mdomo wake, kwa kuwa shahidi wa kwanza haruhusiwi hata kukohoa mbele ya wa pili.

Alikohoa.

"Mzee!"

"Vumbi hilo, Katibu. Kwani mapafu nayo ni wanachama?"

Wa pili ndiye Mama Uzi, mfumaji mstaafu. Miaka kumi sasa alikuja kila Alhamisi kuwataja watu wa kwenye picha za zamani, na hakuwahi kukosea. Akisema neno, limekwisha.

"Kumi na tisa?"

"Huyu ndiye aliyetuongoza kwenye mgomo mume wangu alipowekwa ndani."

"Na mumeo aliachiwa lini? Fomu inataka tarehe."

"Kesho yake, baada ya askari kuingia."

Katibu akaandika. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu. Nyumbani, mama yake alikuwa amevaa tangu asubuhi, na mkoba mapajani. Hakuwa ameingia ukumbi wowote mjini tangu ujane wake. "Picha haisemi uongo, mwanangu," alimwambia akitoka. Katibu alitamani angemwambia avue viatu, asubiri kwanza.

"Ishirini ni mpishi," aliendelea Mama Uzi. "Nyuma yake hapo, haonekani, alikuwa dada yake, kashika sufuria."

"Si ulisema siku ile ulikuwa nyumbani na homa?"

"Niliambiwa."

Katibu hakuuliza aliambiwa na nani. Macho yake yalishatangulia kwenye uso wa ishirini na moja, wa mtu aliyeshika kufuli. Kofia ilikuwa imeshushwa mpaka kwenye nyusi, koti jeusi refu, mikono ya koti imefunika hadi vidole.

"Mama, sema unachokijua," alisema. "Usinihurumie."

Mama Uzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaivua tena.

"Fomu inauliza umemtambua kwa kitu gani," Katibu alisema.

"Kwa koti. Hata siku ile, mji mzima uliliona koti tu."

"Koti la nani?"

"La baba yako, mwanangu. Hakuna mwingine aliyekuwa nalo kama lile."

Mweka Hazina alishusha pumzi na kuegemea kiti. Katibu aliona aibu, kisha hasira, kisha uchovu ambao hakuwahi kuujua. Kwa hiyo baba yake alikuwa amemdanganya mpaka kitandani pa kufia. Hata hivyo kazi ni kazi. Akaishika penseli sawasawa, akaandika herufi ya kwanza ya jina la baba yake.

Mama Uzi akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Siku ile nilikuwa natetemeka kwa homa, akalivua akanivalisha yeye mwenyewe," alisema. "Akasahau ufunguo wa geti mfukoni."