Kuingia Humo

Zipu ilikwama kitovuni. Fundi Suqin akavuta pumzi, akajiminya kama mtu anayepita katikati ya kuta mbili, akaipandisha mpaka kifuani, na hapo ikagoma. Akaiacha. Mtaa mzima yeye ndiye mtengeneza zipu, na anajua fika kwamba zipu ikishakataa haibembelezwi.

Koti lenyewe si lake. La bluu na nyeupe, na maandishi mgongoni kama nguo zote za siku hizi. Mteja aliliacha dukani miaka miwili nyuma asirudi. Lilimbana kifua, lakini lilikuwa refu, likasitiri makalio. Na makalio ndiyo yaliyomfanya aahirishe safari hii tangu Mwaka Mpya.

Daktari alikuwa amemwambia azunguke ziwa la bustani mara nane kila asubuhi, kwa miezi mitatu. Sukari isiposhuka, ni sindano. Suqin hakuogopa sindano. Aliogopa vidole vya miguu, maana sukari hiyohiyo ilimla dada yake vidole viwili. Kwa hiyo alitoka.

Mtu wa kwanza kukutana naye ni Mzee Geng, jirani yake. Mzee Geng hutembea kinyumenyume kwa ajili ya kiuno, kama nusu ya wazee wa Luoyang, kwa hiyo alikuwa mbele yake na bado wanatazamana uso kwa uso.

"Fundi, umenenepa," akasema.

Ni salamu tu. Siku nyingine Suqin angemjibu kwamba na yeye amezeeka, wakacheka, yakaisha. Siku hiyo ilimchoma kama sindano iliyosahauliwa kwenye pindo. Akampita haraka.

Kumbe mbele kulikuwa na nafuu. Balaa lilikuwa nyuma. Wanawake wawili walimfuata kwa karibu, wakinong'ona kwa sauti ya watu wanaodhani wananong'ona.

"Kuingia humo si mchezo," alisema mmoja.

"Watu wanalia, shoga. Sisi tumejaribu miaka miwili, wapi."

"Sasa ni damu ya ukoo, au ni chakula?"

"Chakula. Samaki na njugu, tangu mimba."

Suqin akalivuta koti chini. Mama yake, alipokuwa na mimba yake, alikula viazi vitamu, na viazi vilipokwisha alikula majani yake. Samaki gani?

Kesho yake alizunguka kwa upande wa pili. Wale wawili hawakuwepo, lakini bwana mmoja wa miwani alitoa simu akajifanya anapiga picha miti ya mierebi. Mierebi ilikuwa kushoto. Simu ilikuwa mgongoni kwa Suqin. Siku ya tatu alikwenda mapema zaidi, akawakuta watu watatu wamekaa kwenye benchi. Alipopita, wakanyamaza. Alipokwisha kupita, wakasimama.

Siku ya nne hakwenda. Alikunywa supu ya ng'ombe, bakuli mbili, akakaa kwenye cherehani. Mshono ukaenda kombo. Akafumua, akashona, ukaenda kombo tena. Mwishowe akavua soksi, akahesabu vidole. Kumi. Akavihesabu tena, asije akawa amekosea.

Siku ya tano alirudi ziwani. Kufika mzunguko wa pili alisikia nyayo nyuma, nyingi. Akaongeza mwendo, zikaongeza. Akakimbia, yeye ambaye hakukimbia tangu alipoacha shule, na kila kitu mwilini kikakimbia kwa wakati wake. Kwenye daraja pumzi zikamwishia. Akageuka.

Walikuwa watano, wale wawili na bwana wa miwani wakiwemo.

"Haya, semeni," akawaambia. "Lakini semeni huku mbele, si huko nyuma."

Mwanamke mmoja akawa mwekundu mpaka masikioni. "Usitukasirikie, dada. Tulikuwa tunaona aibu kuuliza."

"Kuuliza nini? Kilo ngapi?"

"Kilo za nini?" Mwanamke alishangaa. Akaonyesha mgongo wa koti. "Hiyo ni sare ya Sekondari ya Mto Mweupe. Jiji zima linagombania nafasi pale. Dada, mtoto wako aliingiaje humo?"

Suqin akawatazama mmoja mmoja. Walikuwa na macho mekundu ya watu wanaosahihisha hesabu za watoto usiku. Bwana wa miwani alikuwa na daftari mkononi, kalamu tayari. Makalio ya Suqin, ambayo aliyaonea haya tangu Mwaka Mpya, hakuna aliyekuwa na habari nayo.

Akapangusa jasho. Akaanza kutembea.

"Siri kama hiyo haisemwi watu wakiwa wamesimama," akasema. "Tena ni ndefu. Ina mizunguko minane kwa siku."

Wakamfuata. Kila asubuhi aliwagawia kidogo: mtoto alale mapema, asigombezwe akiwa na chakula mdomoni, abebe begi lake mwenyewe. Mambo ya kawaida tu, lakini waliyaandika. Wakaambiana. Mwezi wa pili walikuwa ishirini. Ulipotimia wa tatu, daktari alisoma karatasi ya sukari mara mbili, akairudisha sindano kwenye boksi lake, na zipu ikapanda mpaka shingoni bila pumzi kuvutwa.

Asubuhi hiyo msafara ulimkuta Mzee Geng kwenye daraja, akienda kinyumenyume. Aliutazama umati, akaitazama zipu, akapunguza mwendo mpaka uso wake ukawa karibu na sikio la Suqin.

"Fundi," akanong'ona, "tumekaa mlango kwa mlango miaka arobaini. Huyo mtoto ulimzaa lini?"